Nenosiri Mkononi mwa Mwingine

Saiba za Eastlands, Nairobi, hazikufa simu janja zilipoingia. Shuka matatu kituo chochote cha Jogoo Road, penya ndani ya Jericho au Buruburu, au endelea hadi Umoja, Kayole na Dandora, utakuta bango lilelile ukutani: pini ya KRA, cheti cha tabia njema, pasipoti, HELB, kuchapisha, kutoa kopi. Wateja wengi wana simu yenye intaneti mfukoni. Wanakuja kwa sababu fomu za serikali zimewachanganya, au hawana muda, au wanaogopa kukosea. Mhudumu anauliza namba ya kitambulisho, anauliza nenosiri, halafu anasema, "Nisomee hizo namba zimeingia kwa simu." Shilingi mia moja au mia mbili, kazi imekwisha.

Mteja anayeona amejiamulia. Akitaka, usiku huohuo ataishika simu kitandani na kubadilisha nenosiri. Mteja asiyeona amefika saiba ileile kwa sababu nyingine kabisa: alijaribu nyumbani, tovuti ikamkatalia. Nenosiri analolitoa leo hawezi kulibadilisha kesho bila kumrudia mtu, pengine yuleyule aliyempa. Aliyekaa upande wa pili wa meza sasa ana namba yake ya kitambulisho, taarifa zake za kodi, labda na za hospitali, na mteja hana la kufanya ila kumwamini.

Kwa miaka mingi suala la tovuti na watu wenye ulemavu limejadiliwa Kenya kama jambo la huruma, au kama jambo la mafundi wa kompyuta. Mimi naliona kuwa suala la siri ya mtu. Swali la kuuliza kuhusu tovuti yoyote ni hili: je, mtu huyu anaweza kuianza kazi yake na kuimaliza peke yake, bila kumkabidhi mwingine funguo za maisha yake? Tovuti ikishindwa hapo, haijafunguka, hata ikibandikwa nembo ya kiti cha magurudumu kila ukurasa.

Uzito wa swali hili umepanda haraka. eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilipozinduliwa mwaka 2014 ilikuwa njia ya mkato kwa wenye haraka. Juni 2023 serikali ilitangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimehamia humo, na malipo ya serikali yakaelekezwa kwenye namba moja, 222222. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF Oktoba 2024, husajili watu mtandaoni na kwa *147#. Mikopo ya serikali ya Hustler Fund, tangu Novemba 2022, hupatikana kwa *254# au kwa programu ya simu. Kijana anayetafuta mkopo wa masomo wa HELB hapangi foleni dirishani kwanza. Anaanzia kwenye tovuti. Hata huduma zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wenyewe ziko huko. Mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kusamehewa kodi ya mapato kwa KSh150,000 za kwanza kila mwezi, na ombi hilo hupitia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni.

Na hakuna aliyestahili kufaidika na uhamaji huu kuliko mkazi wa Eastlands mwenye ulemavu. Mchukue anayetumia kiti cha magurudumu, anayeishi ghorofa ya nne Pipeline au Kayole, kwenye jengo la ghorofa saba lisilo na lifti. Kushuka ni kubebwa. Kufika stejini ni kupita matope, mitaro isiyofunikwa na meza za wachuuzi. Matatu ikisimama, makanga atakitazama kiti na kudai nauli ya watu wawili, au atagonga bodi gari liondoke. Kwake yeye safari ya Huduma Centre ya Makadara ni shughuli ya kutwa nzima, na msaidizi naye anahitaji nauli na chakula. Fomu inayoweza kujazwa kutoka chumbani ingemrudishia siku hiyo na pesa hiyo. Ndiyo maana inauma zaidi kukuta kuwa wapo ambao fomu hiyo imewafungia mlango kwa namna nyingine.

Tuitazame kwa karibu, kama anavyokutana nayo mtu asiyeona. Simu nyingi mtaani ni Android za bei nafuu, na ndani yake huwa tayari mna TalkBack, kisomaji cha skrini kisicholipiwa. Ukikiwasha, simu inabadilika tabia. Unapitisha kidole kuelekea kulia ili kuruka hadi kitu kinachofuata, sauti inakitaja, na ukikitaka unagonga mara mbili. Mtumiaji mzoefu huiongeza kasi sauti hiyo hata jirani yake kwenye matatu asiambulie neno. Anaupitia ukurasa mzima kwa masikio, na kinachomwezesha ni kimoja: kila kilichowekwa kwa ajili ya macho kiwe kimeandikwa pia ndani ya msimbo, mahali ambapo kisomaji kitakifikia.

Fomu iliyotengenezwa vizuri humwambia: "Jina la kwanza, sehemu ya kuandika, lazima ijazwe." Fomu anayokutana nayo mara nyingi humwambia: "Sehemu ya kuandika. Sehemu ya kuandika. Sehemu ya kuandika. Kitufe." Majina ya visanduku yapo kwenye skrini, yameandikwa kwa herufi safi, ila fundi hakuyaunganisha na visanduku vyenyewe. Anayeona haoni kasoro. Asiyeona amepewa safu ya visanduku visivyo na majina, na kimojawapo ndicho cha namba ya kitambulisho. Anabahatisha, anabonyeza kitufe. Palipokosewa panageuka pekundu, na sauti inanyamaza, maana wekundu peke yake hausomeki. Anadhani imepita. Anasubiri. Baada ya dakika chache mfumo unamtoa kwa kukaa muda mrefu bila kufanya kitu, na yote aliyoandika yanafutika.

Akifaulu kuvuka hapo, anatakiwa athibitishe kwamba yeye si roboti: herufi zilizopindapinda ndani ya picha, au hesabu ndogo ya kujumlisha iliyochorwa kama picha. Kisomaji hakioni ndani ya picha. Kisha anaambiwa apige picha kitambulisho chake, kingo zote nne ziingie ndani ya fremu, halafu apige picha ya uso wake mwenyewe. Programu inajua kuwa kitambulisho kimeenda upande. Inaonyesha hata mshale. Ingeweza kutamka "sogeza kulia kidogo", kwa kuwa simu ina spika na sauti imewashwa tayari. Haitamki neno. Hapo ndipo simu inapokabidhiwa kwa jirani, kwa mtoto aliyetoka shule, au kwa mhudumu wa saiba, pamoja na zile namba zilizoingia kwa ujumbe ambazo onyo lake linasema usimpe mtu yeyote.

Sehemu kubwa ya hayo hurekebishwa kwa saa chache. Kuunganisha jina na kisanduku chake ni kazi ya mstari mmoja. Kufanya ujumbe wa kosa usomwe kwa sauti mara unapotokea ni mstari mwingine. Kumwonya mtu kwamba muda unakaribia kwisha, na kumpa kitufe cha kuuongeza, hakuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

Wala si elimu mpya. W3C, shirika aliloliasisi Tim Berners-Lee mwenyewe aliyebuni wavuti, lilitoa miongozo yake ya kwanza ya ufikivu, iitwayo WCAG, Mei 1999. Toleo la 2.0 lilifuata Desemba 2008, la 2.1 mwaka 2018, na la 2.2 Oktoba 2023. Miongozo hiyo inataka yaliyomo yaweze kutambuliwa kwa hisi alizo nazo mtu, vitufe viendeshwe kwa njia anayoiweza, maneno na mpangilio vieleweke, na msimbo uwe imara kiasi cha kusomwa na vifaa vya kila aina. Toleo la 2.2 limeugusa moja kwa moja ule mlolongo wa mateso niliousimulia: linataka mtu asilazimishwe kutegua fumbo wala kukariri kitu ili aingie kwenye akaunti yake, pasipo njia mbadala, na kwa kawaida kitufe kisipungue pikseli 24 kwa 24. Kuhusu rangi, miongozo inataka uwiano wa mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake usipungue 4.5 kwa 1. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya wenye uoni hafifu. Anayekifaidi pia ni mama mboga wa Mutindwa anayesoma simu yenye kioo kilichopasuka, juani, saa saba mchana.

Kwa haki, Kenya haiko peke yake katika kufeli. Shirika la WebAIM la Marekani hukagua kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja kubwa. Mwaka 2025, asilimia 94.8 ya kurasa hizo zilikutwa na makosa ambayo hata programu ya ukaguzi inayanasa bila msaada wa binadamu. Mengi ni yaleyale sita yanayojirudia kila mwaka: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, visanduku visivyo na majina, viungo vitupu, vitufe vitupu, na kurasa zisizotaja lugha yake.

Hilo la mwisho lingeweza kupita kama dogo kwingineko. Kwetu ni kubwa. Kisomaji cha skrini huchagua sauti kwa kufuata lugha iliyotajwa ndani ya msimbo. Ukurasa wa Kiswahili uliojengwa juu ya kiolezo cha kununua, chenye alama ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeifuta, unaweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Silabi zetu zinavunjwa, irabu zinamezwa, na baada ya aya mbili msikilizaji amechoka. Sauti za Kiswahili zipo. NVDA, kisomaji cha bure cha kompyuta kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, huja na sauti ya eSpeak inayojua Kiswahili. Ni kavu, ina mlio wa mashine, lakini inaeleweka. Kinachokosekana ni herufi mbili tu, sw, mahali pake.

Kabla ya hapo, Kiswahili chenyewe kiwepo. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo fomu nyingi za serikali mtandaoni ni za Kiingereza, tena kile cha wanasheria, chenye sentensi za mistari minne. Mtu mwenye ulemavu wa akili, ambaye angeweza kabisa kujaza fomu iliyoandikwa kwa sentensi fupi, anafungiwa nje na lugha kabla hajafika kwenye kitufe chochote. Mzee wa Makongeni aliyesoma hadi darasa la nne yuko naye hapohapo mlangoni. Sijaona sababu ya kuwatenganisha hawa wawili. Ili kuwahudumia wote, kinachohitajika ni mwandishi mzuri wa Kiswahili aketi na wakili siku mbili.

Viziwi ndio wanaosahaulika zaidi, kwa kuwa wanaiona skrini na watu wakadhani mambo yao yamenyooka. Kiziwi aliyekulia katika Lugha ya Ishara ya Kenya ana lugha kamili yenye sarufi yake. Kiingereza cha maandishi kwake ni lugha ya pili au ya tatu, aliyoipata darasani, mara nyingi kwa walimu wasioimudu vizuri lugha yake. Anapofungua ukurasa wa aya ndefu zilizosongamana, anasoma kama wengi wetu tungesoma mkataba wa Kifaransa. Video ya kufundisha namna ya kujisajili ingemfaa sana, lakini haina manukuu wala mkalimani. Akikwama kabisa, ukurasa unampa msaada wa namna moja: namba ya kupiga simu. Kiziwi wa Huruma atampa nani simu ampigie? Na mhudumu wa upande wa pili ataanza kwa kuuliza maswali ya siri, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama, salio la mwisho, na yote yatajibiwa kwa sauti na mtu mwingine. Kisanduku cha kuchati kinachojibiwa na binadamu kingetosha kuimaliza aibu hiyo.

Kwa wenye mikono inayotetemeka au iliyopooza nitasema kwa ufupi, maana dawa yake ni rahisi kuitaja: kinachofanyika kwa kuburuta kidole kifanyike pia kwa kugonga, kinachofanyika kwa kipanya kifanyike pia kwa kibodi, na vitufe viwili vyenye maana tofauti visibanane.

Wapo watakaosema kwamba mtaani mambo hayaendi kwa tovuti, yanaenda kwa nyota na reli: *334#, *254#, *147#. Ni kweli nusu. M-PESA ilipoanza Machi 2007 ilifanikiwa kwa sababu iliingia kwenye simu yoyote, na menyu za maandishi matupu zinasomeka na TalkBack kuliko tovuti nyingi za kisasa. Lakini TalkBack iko kwenye simu janja. Kabambe, mulika mwizi yetu ya tangu zamani, haisomi chochote, na ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wasiojimudu. Hata kwenye simu janja, menyu hizo za nyota na reli, yaani USSD, zina muda wake. Sauti ikiwa bado inasoma chaguo la sita, muda unakatika, na mtu anaanza upya kutoka namba moja. Safaricom ilipoanzisha huduma ya sauti ya kuwawezesha wateja wasioona kusikiliza salio lao la M-PESA, ilikiri jambo ambalo kila asiyeona alilijua: kabla ya hapo, salio lako lilijulikana kwanza kwa aliyekusomea.

Kuna jingine dogo linalotokea kila siku na halihitaji mhandisi yeyote. Kundi la WhatsApp la mtaa ndilo ubao wetu wa matangazo. Siku za kukatwa stima, ratiba ya maji, mkutano wa chifu, fomu za basari ya wadi: vyote huletwa kama picha. Mtu anabandika karatasi ukutani, mwingine anaipiga picha, wa tatu anaisambaza. Kwa asiyeona, kundi zima limejaa "picha, picha, picha". Taasisi nazo hufanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Hati inachapishwa kutoka kwenye kompyuta, inapigwa muhuri, inaskaniwa, na kurasa zake arobaini zinawekwa kwenye tovuti zikiwa picha tupu. Maandishi yalikuwepo kwenye kompyuta ile saa moja kabla. Yaliuawa na skana. Anayetuma picha kwenye kundi aandike chini yake sentensi mbili za yaliyomo. Afisa anayeweka hati mtandaoni aweke pia ile ya awali kabla ya muhuri.

Wanufaika ni wangapi? Hapa takwimu imetumika vibaya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu, asilimia 2.2 ya Wakenya wa umri wa miaka mitano na zaidi. Sensa ya 2009 ilikuwa imetoa asilimia 3.5. Hakuna muujiza wa uponyaji uliopita kati ya miaka hiyo. Maswali yalibadilika, umri ukawekewa kikomo, na wanaohesabiwa wakawa wale wenye ugumu mkubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3 duniani, yaani asilimia 16. Ofisa anayetaka kusukuma kando bajeti ya ufikivu hushika ile 2.2 na kuuliza kama inafaa kwa watu wachache hivyo. Mimi namjibu kwamba hata wangekuwa elfu moja, serikali iliyohamisha dirisha lake imewajibika kulihamishia mahali ambapo wote wanalifikia. Haki ya mtu haigawanywi kwa idadi ya wenzake.

Na haki hiyo imeandikwa. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia maeneo, usafiri wa umma na habari, na ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine zinazomfaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unaitaja intaneti kwa jina katika ibara yake ya 9. Mwaka 2022 nchi ilipata kiwango chake yenyewe cha ufikivu wa vifaa na huduma za kidijitali, KS 2952, kilichotolewa na shirika la viwango, KEBS, kwa ushirikiano na shirika la inABLE. Irene Mbari-Kirika aliliasisi shirika hilo mwaka 2009, na kazi yake ilianza kwa kuwawekea maabara ya kompyuta wanafunzi wa Shule ya Wasioona ya Thika. Mwaka 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilichukua nafasi ya ile ya 2003.

Sheria ile ya 2003 inastahili kukumbukwa kwa jambo moja. Haikusema neno juu ya tovuti, lakini kifungu cha 39 kiliziagiza stesheni za televisheni ziweke mkalimani wa lugha ya ishara au manukuu katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Utekelezaji ulijikokota miaka mingi, na bado una mapengo. Hata hivyo leo mtoto wa Kariobangi anakua akijua kuwa kwenye pembe ya skrini ya habari kuna mtu anayesema kwa mikono. Agizo lile lilimtaja anayewajibika, likataja kipindi gani na kitu gani kiwekwe, na mtu yeyote mwenye televisheni angeweza kuona kama limetiiwa. Kiwango cha KS 2952 kina maarifa mengi kuliko kifungu kile, lakini mwananchi hana dirisha la kuchungulia aone nani anakifuata.

Ukitafuta kasoro inakoanzia, acha fundi, nenda kwenye zabuni. Wizara au kaunti inaponunua tovuti hutaja kwa urefu rangi za nembo, idadi ya kurasa, usalama na tarehe ya kukabidhi. Ufikivu, ukitajwa, hupewa sentensi moja isiyo na kipimo, na hakuna anayetumwa kuupima kabla ya hundi kutoka. Fundi kijana aliyesomea kazi hii kwa miezi michache hakuwahi kuonyeshwa TalkBack. Amefundishwa kutengeneza ukurasa unaopendeza kwenye kompyuta yake kubwa, na ndio ukurasa anaoukabidhi.

Pengo hilo limezaa biashara nisiyoipenda hata kidogo. Kuna makampuni yanayouza programu ya kubandika: mstari mmoja wa msimbo, kitufe chenye mchoro wa mtu ndani ya duara, na ahadi kwamba tovuti yote sasa imefunguka. Unakibonyeza, unapewa uwezo wa kukuza herufi na kubadilisha rangi, mambo ambayo simu inayafanya yenyewe. Visanduku visivyo na majina vinabaki hivyohivyo. Wasioona wengi wamelalamika kuwa vitufe hivyo huvuruga visomaji vyao. Mwaka 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza kampuni ya accessiBe dola milioni moja kwa kudai kuwa bidhaa yake ingeifanya tovuti yoyote itimize miongozo ya WCAG. Ofisi ya hapa inayofikiria kununua kitufe kama hicho ingewapa pesa hizo watu watano wasioona waijaribu tovuti yake wiki moja. Ingepata thamani zaidi mara nyingi.

Hao ndio msingi wa ninachopendekeza. Malipo ya mwisho ya tovuti yoyote ya umma yazuiwe hadi watu wenye ulemavu tofauti, wanaoishi mitaa kama Umoja na Mathare, wakamilishe kazi halisi kwa simu zao wenyewe, kwa bando zao, kila mmoja peke yake. Wasiitwe kwenye hoteli wapewe chai na cheti cha kuhudhuria. Walipwe kama wakaguzi wengine wanavyolipwa, na ripoti yao iwekwe hadharani pamoja na jina la aliyejenga tovuti. Programu ya ukaguzi hunasa kisanduku kisicho na jina. Haiwezi kunasa maelezo ya picha yanayosema "picha001", kwa kuwa kiufundi maelezo yapo. Haiwezi kujua kwamba sauti ilisoma onyo la kosa baada ya mtu kuwa ameshatoka kwenye ukurasa. Hayo yanamhitaji anayeishi nayo.

Wahudumu wa saiba nao waulizwe. Hakuna anayezijua fomu za serikali kama wao. Wanajua ukurasa upi huganda saa nne asubuhi, swali lipi humchanganya kila mteja, na ni huduma zipi zinazowaleta wasioona na viziwi tena na tena. Serikali ina ramani ya kasoro zake zote, imekaa nyuma ya kaunta kuanzia Shauri Moyo hadi Komarock, na hakuna mtafiti aliyetumwa kuichukua.

Kwingineko mabadiliko yalisukumwa na mahakama. Mwaka 2000 Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, aliwashinda waandalizi wa Olimpiki ya Sydney kwa sababu tovuti yao haikumsomekea. Mwaka 2008 kampuni ya Target ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 6 kumaliza kesi iliyofunguliwa na chama cha wasioona. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Juni 28, 2025, maduka ya mtandaoni na benki zinabanwa na sheria ya ufikivu. Kwetu, Katiba imeuacha mlango wa mahakama wazi kuliko nchi nyingi. Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki yake inapovunjwa, au mwingine aende kwa niaba yake, bila ada ya kufungua kesi, na inaiagiza mahakama ipokee hata hati zisizo rasmi inapobidi.

Ila tangu Julai 1, 2020, kesi za Nairobi zimekuwa zikiwasilishwa kwa mfumo wa mtandaoni wa Mahakama: unafungua akaunti, unaweka nenosiri, unapakia hati. Ningepewa bajeti ya kukagua mfumo mmoja tu nchini, ningeuchagua huo, na mkaguzi wa kwanza awe asiyeona wa Dandora, TalkBack ikiwa imewashwa, bila wakili wala jirani karibu, kuanzia kufungua akaunti hadi kupata namba ya kesi.